Kutoka Kawajense hadi Karema: Njia Moja na Historia ya Ukombozi

Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa wamezoea kuanza somo lao pwani. Huanzia Rabai na Zanzibar, wakapita Bagamoyo, kisha wakapanda Usambara na Kilimanjaro, na mwisho wakafika Konde. Nchi ya magharibi huachiwa aya moja au mbili, kana kwamba Injili ilifika huko kwa kuchelewa na bila habari. Makala hii inakusudia kusahihisha kidogo desturi hiyo kwa kufuata barabara moja tu, ile itokayo Kawajense, kata ya mji wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, na kuteremka hadi Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya mia moja, na mwenye gari aweza kuumaliza kwa siku moja. Sisi tuliusafiri wakati wa kiangazi, tukichukua pamoja nasi swali moja: neno "ukombozi", ambalo twalihubiri kila Jumapili, lilikuwa na maana gani kwa watu wa njia hii?

1. Mji uliozaliwa na madini

Nchi hii ni ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, lakini mji wa Mpanda ulikuzwa na madini ya risasi. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilijenga reli ya tawi kutoka Kaliua, yapata kilomita 210, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo. Watu wakaja kutoka kila upande kutafuta kazi. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1960, mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na watu wakabaki. Msafiri aanzaye safari yake Kawajense leo huwasikia majirani wakizungumza lugha nyingi za nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hapa aitwaye mwenyeji mara nyingi ni mgeni aliyetangulia.

2. Wakimbizi na Kanisa letu

Si mbali na mji, kando ya reli hiyohiyo, iko Katumba. Makazi hayo yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kaskazini, kwenye njia ya kwenda Kigoma, iko Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978. Kabla ya hayo yote kulikuwa na Mwese, vilimani upande wa kaskazini-magharibi, ambako wakimbizi wa Rwanda walipewa ardhi katika miaka ya 1960.

Hapa historia hii inatugusa sisi Walutheri moja kwa moja. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilianzisha huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, ijulikanayo kwa herufi TCRS. Kwa mapatano na Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, huduma hiyo ilishiriki kufyeka misitu, kuchimba visima, na kujenga shule na zahanati katika makazi hayo. Ni kazi ya kumshukuru Mungu. Hata hivyo hatuna budi kusema pia ya kwamba mkaaji wa makazi hakuweza kutoka na kwenda atakako pasipo kibali. Alipewa shamba, lakini hakupewa njia.

Wakimbizi wa Rwanda walifunguliwa mlango wa uraia mwaka 1980. Warundi wa mwaka 1972 walingoja zaidi: watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Katika safari yetu tulimsikia mzee mmoja wa usharika akimwita "mkimbizi" kijana aliyezaliwa Katumba, raia kamili, aliyekuwa akitubebea mizigo. Kijana hakujibu neno. Sisi nasi, kwa aibu yetu, hatukujibu.

3. Kuteremka ziwani

Barabara ya magharibi huingia katika msitu wa miombo. Wakati wa kiangazi miti hupukutisha majani, na vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu. Mizinga ya nyuki huning'inia matawini, kwa maana asali ni mali ya kale ya nchi hii. Kisha ardhi huanza kuteremka, hewa ikawa nzito na yenye joto, na ghafula ziwa laonekana, pana kama bahari, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

4. Ngome ya Karema

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo Karema kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II. Chama hicho kilijitangaza kuwa cha elimu na cha kupinga biashara ya watumwa. Katika mwaka uo huo walijaribu kuleta tembo wanne kutoka India ili wachukue mizigo badala ya wapagazi. Tembo hao walikufa, na wapagazi wakaendelea kubeba. Ziwa nalo lilikuwa likishuka kwa sababu maji yalikuwa yamejifungulia njia kwenye mto Lukuga, hata kituo kilichowekwa karibu na maji kikaachwa na ufuko.

Kutoka Karema, Luteni Storms alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883. Mwaka uliofuata watu wake walimwua mtawala Lusinga wa ng'ambo, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Basi, wale waliosema wamekuja kuwakomboa Waafrika walikusanya mafuvu yao. Mkutano wa Berlin ulipoiweka pwani hii ya mashariki nje ya milki ya Leopold, kituo kilikabidhiwa mwaka 1885 kwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Hivyo nyumba ya askari ikawa nyumba ya sala.

5. Kukomboa na kukombolewa

Katika Kiswahili, kukomboa ni kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani au kilichotekwa. Mapadre wa Karema walifanya hivyo hasa: walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawalea misioni. Hao wakawa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa pwani hii. Lakini mtoto aliyekombolewa mara nyingi hakuwa na kwao pa kurudi. Alisoma misioni, akabatizwa misioni, akaoa misioni. Je, alikuwa huru, au alikuwa amebadilishiwa bwana aliye mwema zaidi?

Swali hili lina jina la mtu: Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe katika Algeria. Walimsomesha utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akiwa katekista na tabibu, akaoa mke wa nchi hiyo, na mwanawe mmoja akawa padre. Aliwatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Alijifunza pia dawa za wenyeji, wala hakuzidharau.

Tusimtumie Atiman kufunika swali. Hakuichagua Karema akiwa mtoto, na wengi waliokombolewa pamoja naye hawakuandikwa popote. Lakini yeye aliyenunuliwa hakumnunua mtu. Alichokipokea alikitoa bila kumfunga aliyekipokea.

6. Hitimisho

Sisi Walutheri tusiwanyoshee Mapadre Weupe kidole. Misioni yao na makazi yetu yalifanana kwa jambo moja: huruma ya kweli iliyoweka mpaka na kumshika mkono yule iliyemsaidia kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Mtume Paulo afundishapo kwamba tumenunuliwa kwa thamani, hawaambii wasomaji wake wawe watumwa wa wanadamu, bali awakataza.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wenzetu wa magharibi wafanye mambo mawili. Kwanza, wakusanye habari za wazee wa Katumba, Mishamo, Mwese na Karema maadamu wangali hai. Pili, wasiliruhusu neno "mkimbizi" kukaa katika usharika kama jina la mtu. Wakati wa kurudi tulimtafuta yule kijana wa Kawajense ili tumwombe radhi. Alikuwa amekwisha kupanda garimoshi kwenda Tabora, na hakuhitaji kibali cha mtu.