Uchunguzi wa Lippmann na Merz (1920)

Tathmini ya jinsi gazeti la The New York Times lilivyoripoti Mapinduzi ya Urusi, iliyochapishwa Agosti 1920 na jarida la The New Republic, Marekani. Walter Lippmann na Charles Merz walipitia matoleo ya miaka mitatu tangu Machi 1917. Katika miaka miwili kati ya hiyo, gazeti lilieleza mara 91 kwamba utawala wa Wabolsheviki, waliotwaa madaraka katika mapinduzi hayo, umeanguka au u karibu kuanguka. Haukuanguka. Watafiti hawakudai kuna njama. Walilaumu matamanio ya wahariri na waandishi, na tabia yao ya kuwaamini mno maofisa. Ubora wa kazi hii ni kupima habari kwa matukio yasiyobishaniwa, hatua ambayo wakosoaji wengi huiruka. Baadaye Merz mwenyewe aliongoza kurasa za maoni za gazeti hilohilo kuanzia 1938 hadi 1961.