Homa ya 1918: Dawa Haikuwepo, Waliokuwepo Ni Wauguzi (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, watoto wamelala, ndiyo napata nafasi ya kuwaandikia. Mei inaisha, kipupwe kinabisha hodi, na swali ninaloulizwa na wengi ni lile lile: "Nesi, nimpe mwanangu dawa gani ya kuongeza kinga kabla baridi haijaanza?"

Nitajibu. Ila kwanza niwarudishe nyuma, mwaka 1918.

Mwaka ule Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaelekea ukingoni, ndipo ukazuka ugonjwa wa mafua makali ambao wengi waliuita homa ya Hispania. Jamani, Hispania walionewa tu. Haukuanzia kwao. Nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti kuandika habari za kuvunja moyo, Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika wazi kwamba watu wanaugua, hadi mfalme wao. Aliyesema ukweli ndiye akabandikwa jina.

Wimbi la kwanza halikuwa kali sana. Lakini Agosti ugonjwa ulirudi na sura nyingine kabisa, ukalipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye bandari tatu zilizo mbali mbali: Freetown kule Sierra Leone, Brest kule Ufaransa, na Boston kule Marekani. Septemba ukafika Cape Town na meli za wanajeshi zilizokuwa zimepita Freetown. Kutoka Cape Town ukapanda treni. Afrika Kusini peke yake inakadiriwa walikufa watu kama 300,000, na wengi hawakuwa wazee wala vichanga bali vijana wa miaka 20 hadi 40. Yaani baba na mama wenye watoto wadogo nyumbani. Duniani kote wanahistoria wengi wanakadiria vifo milioni 50.

Na huku kwetu? Uliingia kwa bahari, Mombasa ikiwemo, ukafuata reli kwenda bara. Hapa nataka tusimame kidogo. Wengi wetu tumeenda Kariakoo kununua nguo za watoto, lakini wachache tunajua jina lile limetoka wapi. Ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi waliwekwa kambi eneo lile. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina ni hilo hilo. Wale walikuwa wanaume wa vijijini, wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na magunia ya chakula kwa mamia ya maili. Wapagazi waliokufa katika vita ile walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Walikula vibaya, walilala wamebanana, walichoka mpaka mifupa. Homa ya 1918 ilipofika ikawakuta katika hali hiyo, na walionusurika wakarudi nayo makwao.

Mimi nikiulizwa kinga ya mwili ni kitu gani, siku hizi nawafikiria wale wapagazi. Mtu mwenye njaa, asiyelala, anayevuta hewa ya watu hamsini ndani ya hema moja, hata umpe chupa ngapi za dawa ya kuongeza kinga utakuwa unapoteza hela.

Madaktari wa wakati ule walikuwa na nini mkononi? Karibu hakuna kitu. Hawakujua hata kinachosababisha ugonjwa, maana kirusi cha mafua ya binadamu kiligunduliwa mwaka 1933. Penisilini iligunduliwa 1928 na kuanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1940. Waliyokuwa nayo ni aspirini, na wengine waliitoa kwa vipimo ambavyo leo tunaviita sumu. (Hapo hapo niseme: mtoto mwenye mafua au homa usimpe aspirini. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.)

Kilichobaki kikawa ni uuguzi. Kumlaza mgonjwa na kumfunika vizuri, kumnywesha maji na uji kidogo kidogo, kumgeuza, kusafisha mikono na vyombo, na kumpa hewa. Karibu na Boston ilifunguliwa hospitali ya mahema iliyoitwa Camp Brooks, mabaharia wagonjwa wakawa wanatolewa nje mchana wapate jua na hewa safi. Waliokuwa wakiwatibu pale waliandika kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko wale waliosongamana ndani ya majengo. Halikuwa wazo jipya. Florence Nightingale alishaandika mwaka 1859 kwamba jambo la kwanza kwa muuguzi ni kuhakikisha hewa ya ndani ni safi kama ya nje, bila kumtia mgonjwa baridi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo magumu.

Najua ni magumu kwa sababu mimi mwenyewe, nesi mwenye diploma yangu ukutani, nilishindwa. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane, tunaishi Njombe, Julai, baridi ya kule mnaijua. Nikafunga madirisha yote, nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikaona nampenda mwanangu. Tulikuwa tunalala watu watano chumba kimoja, shangazi yake anakohoa. Wiki ya pili mtoto akaanza kubana mbavu. Tulilazwa siku sita kwa nimonia. Mama mkwe hakusema kitu, alikuja tu akatoa jiko nje na kufungua dirisha kidogo, akamwongezea mtoto blanketi.

Sasa jibu langu. Wanasayansi walipokuja kuchunguza mapafu ya waliokufa 1918, yaliyohifadhiwa miaka yote hiyo, waliona wengi hawakumalizwa na kirusi peke yake. Kirusi kilifungua mlango, bakteria wa nimonia wakaingia. Mmoja wa bakteria hao ni pneumokoka, na chanjo yake mtoto wako anapewa bure kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa hiyo kabla hujaniuliza sirapu, chukua kadi ya kliniki uiangalie. Kama ameruka hata moja, nenda wiki hii. Kama ana zaidi ya miezi sita ulizia na matone ya vitamini A, yanatolewa kila baada ya miezi sita.

Wa chini ya miezi sita, maziwa yako tu. Hata wewe ukiwa na mafua, nyonyesha. Nawa mikono kwa sabuni, funika pua na mdomo kwa kitambaa safi. Wakubwa wale mchicha, maharage, dagaa, yai likipatikana, na mapera, maana pera lina vitamini C kupita chungwa na mitaani kwetu watoto wanayaokota bure. Walale mapema. Jiko libaki nje: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hauchomi kifua tu, unaua familia nzima usingizini. Na yule dada anayekohoa asilale na mtoto, hata kama ni kuhamia sebuleni kwenye mkeka.

Kuhusu nyungu, watoto wadogo msiwafukize. Nimeuguza waliomwagikiwa na maji ya moto, sitaki kuona mwingine. Na ile antibayotiki iliyobaki kwenye friji toka mwaka jana, mwage.

Akipata mafua, usiku akiwa ametulia mfunue kifua, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili zikifika 60, miezi miwili hadi kumi na moja zikifika 50, mwaka mmoja hadi mitano zikifika 40, au mbavu zinaingia ndani akivuta, au anakataa kunyonya, usisubiri kuche. Mbebe uje.

Sehemu ya nne Jumamosi, kama zamu haitabadilishwa. Nitaongelea kikohozi cha wajawazito, wengi mmeuliza.