Bajeti ya Halmashauri na Ulinzi wa Mtoto: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mwananchi wa Sengerema

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo kufika, Halmashauri ya Wilaya ya Sengerema mkoani Mwanza, kama zilivyo halmashauri nyingine zote nchini, huwa imekwisha kuamua shughuli zitakazofanyika kwa miezi 12 inayofuata na kiasi cha fedha kitakachotumika kwa kila shughuli. Katika uamuzi huo ndimo linamopatikana jibu la swali linalogusa kila kaya: mtoto akifanyiwa ukatili katika kijiji kilicho mbali na makao makuu ya wilaya, je, Afisa Ustawi wa Jamii atakuwa na mafuta ya pikipiki ya kumfikia siku hiyohiyo? Na kabla ukatili haujatokea, je, ipo shughuli iliyotengewa fedha ya kuuzuia?

Makala haya yanaeleza wajibu wa kisheria wa halmashauri katika ulinzi wa mtoto, vyanzo vya fedha zinazotumika, hatua ambazo bajeti hupitia, na nafasi ya mwananchi katika kila hatua.

Wajibu uliowekwa na Sheria

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote mwenye umri wa chini ya miaka 18. Kifungu cha 94 cha Sheria hiyo kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto ndani ya eneo lake. Mamlaka hiyo inatakiwa pia kutunza rejista ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi zaidi na kuwapatia msaada kila inapowezekana, ili wakue kwa heshima miongoni mwa watoto wenzao.

Kifungu cha 95 kinamgusa mwananchi moja kwa moja. Kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anawajibika kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika.

Sheria imeweka wajibu, lakini haikutaja kiasi cha fedha cha kuutekeleza. Kiasi hicho huamuliwa na kila halmashauri, mwaka hadi mwaka, kupitia bajeti yake. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa mtoto huwa na nguvu pale tu unapoandikwa kuwa shughuli yenye kifungu cha fedha.

Ukubwa wa tatizo nchini

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionesha kuwa takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukatili wa kimwili uliwagusa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana.

Utafiti huo ulibaini jambo jingine lenye uzito kwa wapangaji wa bajeti. Kati ya waliofanyiwa ukatili wa kingono, ni takribani nusu ya wasichana na theluthi moja ya wavulana waliomweleza mtu yeyote. Waliotafuta huduma walikuwa wachache zaidi: msichana 1 kati ya 5 na mvulana 1 kati ya 10. Maana yake ni kwamba idadi ya mashauri yanayofika ofisini si kipimo kamili cha ukubwa wa tatizo. Halmashauri inayopanga fedha kwa kufuata mashauri yaliyoripotiwa pekee itakuwa imewaacha nje watoto walio wengi.

Matokeo hayo yalichangia kuandaliwa kwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaofahamika kwa kifupi kama MTAKUWWA. Awamu ya kwanza ilihusu mwaka 2017/18 hadi 2021/22 na ilikuwa na maeneo nane ya utekelezaji, yakiwemo kuimarisha uchumi wa kaya, mila na desturi, mazingira salama, malezi na mahusiano ya familia, usalama wa watoto shuleni, utekelezaji wa sheria na huduma kwa waathirika. Awamu ya pili inahusu mwaka 2024/25 hadi 2028/29. Chini ya Mpango huo zimeundwa Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na halmashauri hadi kata na kijiji au mtaa.

Mazingira ya Sengerema

Wilaya ya Sengerema ipo kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Mwaka 2015 eneo lake liligawanywa kiutawala, na visiwa vya Kome na Maisome vikawa sehemu ya Halmashauri ya Buchosa. Wakazi wengi wa Sengerema hutegemea kilimo, ufugaji, uvuvi na uchimbaji wa dhahabu.

Shughuli hizo huleta kipato, lakini pia huweka mazingira yanayohitaji uangalizi. Katika mialo ya uvuvi, watu huhama kufuata samaki na dagaa, na watoto huweza kuingizwa katika kazi za usiku au kuachwa bila mwangalizi. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, mtoto huweza kuacha shule kwa ajili ya kubeba mawe au kuosha mchanga wa dhahabu. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18.

Umbali nao una gharama zake. Kwa miaka mingi, safari ya kutoka Sengerema kwenda jijini Mwanza ilitegemea kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takribani kilomita tatu, na safari ya kuvuka ziwa sasa ni ya dakika chache. Kwa mtoto anayepewa rufaa kwenda katika huduma za ngazi ya mkoa, muda huo ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya ushahidi na tiba hutegemea saa za mwanzo baada ya tukio. Hata hivyo, daraja halimwondoi mtoto kijijini kwake. Nauli ya mtoto na mtu anayemsindikiza bado inahitaji kifungu cha bajeti.

Fedha hutoka wapi

Chanzo cha kwanza ni ruzuku kutoka Serikali Kuu, ambayo hulipa mishahara ya watumishi, wakiwemo Maafisa Ustawi wa Jamii na Maafisa Maendeleo ya Jamii, pamoja na sehemu ya matumizi ya kawaida na miradi.

Chanzo cha pili ni mapato ya ndani ya halmashauri, kama vile ushuru wa mazao na samaki, ushuru wa huduma, leseni za biashara na ada za masoko. Hapa ndipo Baraza la Madiwani lina uhuru mkubwa zaidi wa kuamua vipaumbele. Ni vyema ifahamike kuwa asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, ni kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo huimarisha uchumi wa kaya na hivyo husaidia kinga, lakini haiwezi kulipia nauli ya shahidi wala mafunzo ya kamati ya kijiji.

Chanzo cha tatu ni wadau wa maendeleo. Mchango wao umekuwa mkubwa katika mafunzo, vifaa na miongozo. Hata hivyo, mradi wa mdau una mwanzo na mwisho, ilhali wajibu wa halmashauri chini ya kifungu cha 94 hauna tarehe ya kumalizika. Shughuli iliyoanzishwa na mradi hudumu pale inapohamishiwa katika bajeti ya halmashauri kabla mradi haujafungwa.

Sengerema ina fursa ya nyongeza. Sheria ya Madini, Sura 123, inamtaka mmiliki wa haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa kwa pamoja na mamlaka ya serikali za mitaa. Mradi mkubwa wa dhahabu wa Nyanzaga, ambao Serikali ina hisa, upo katika wilaya hii. Mipango ya aina hiyo mara nyingi huelekezwa katika majengo. Hakuna kinachozuia sehemu yake kuelekezwa katika usalama wa watoto.

Hatua ambazo bajeti hupitia

Maandalizi huanza kwa mwongozo wa mpango na bajeti unaotolewa na Serikali Kuu. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele kupitia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vipaumbele hivyo hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, ambao huviingiza katika mfumo wa kielektroniki wa PlanRep. Baraza la Madiwani huijadili na kuipitisha rasimu, kisha hupelekwa ngazi ya mkoa, Ofisi ya Rais – TAMISEMI na hatimaye Bungeni.

Shughuli isiyoingizwa katika mpango haina kifungu cha kulipiwa. Mwenyekiti wa kijiji anayeomba gari la kumfuata mtoto mwezi Novemba atajibiwa kwa kuzingatia kilichoandikwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo, muda sahihi wa kudai fedha za ulinzi wa mtoto ni pale kijiji kinapoibua vipaumbele.

Kupitishwa kwa bajeti pia si sawa na kutolewa kwa fedha. Mapato ya ndani yakikusanywa chini ya makadirio, baadhi ya shughuli hupunguzwa au kuahirishwa. Shughuli za kinga zipo katika hatari zaidi ya kukatwa, kwa kuwa hazina jengo ambalo wananchi wataliona halijakamilika.

Fedha za kinga hulipia nini

Kinga ni kazi ya kila siku, na gharama zake nyingi ni ndogo. Miongoni mwake ni vikao vya robo mwaka vya kamati za kijiji na kata. Elimu ya malezi kwa wazazi na walezi. Madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. Mabaraza ya Watoto. Ufuatiliaji katika mialo na machimbo. Na uhuishaji wa rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi.

Ukatili unapotokea, fedha huhitajika kwa usafiri wa mtoto kwenda polisi na hospitali, chakula na mahitaji ya mtoto anayehifadhiwa kwa muda katika familia ya kuaminika, na nauli ya mashahidi kwenda mahakamani. Shahidi asipofika, shauri huweza kukwama. Shauri linapokwama, familia hushawishika kulimaliza nyumbani kwa fidia, na mtoto hubaki karibu na mtu aliyemdhuru. Hapo ndipo nauli ya elfu chache hugeuka kuwa suala la haki.

Maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, na Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, yana nafasi yake katika kuelimisha umma. Bajeti iliyo makini hutenganisha fedha za maadhimisho na fedha za kazi za mwaka mzima.

Somo kutoka katika lishe

Nchi imekwisha kuonesha kuwa ustawi wa mtoto unaweza kuwekewa kiwango cha fedha. Halmashauri zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na mwezi Desemba 2017 ulisainiwa mkataba wa usimamizi wa lishe uliowahusisha Wakuu wa Mikoa. Kwa mfano, halmashauri yenye watoto 60,000 wa umri huo inapaswa kutenga shilingi milioni 60. Kiwango hicho humwezesha diwani na hata mwananchi wa kawaida kukokotoa kinachostahili, kisha kulinganisha na kilichotengwa na kilichotolewa. Baraza la Madiwani linaweza kutumia njia hiyohiyo kujiwekea kiwango cha ulinzi wa mtoto na kukipima kila robo mwaka.

Mwananchi anauliza wapi

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi. Mwananchi anaweza kuuliza mambo manne: kiasi kilichotengwa kwa ulinzi wa mtoto kutokana na mapato ya ndani, kiasi kilichokwisha kutolewa, mara ngapi kamati ya kijiji imekutana, na mashauri mangapi yamefikishwa mahakamani na kufikia tamati.

Baada ya mwaka wa fedha kufungwa, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za halmashauri, na Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzipitia.

Kutoa taarifa

Mwenye taarifa ya mtoto anayefanyiwa ukatili, au aliye katika hatari ya kufanyiwa ukatili, anapaswa kuifikisha kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana kwa namba 116 bila malipo. Taarifa hizo humwokoa mtoto mmoja mmoja, na pia huipa halmashauri takwimu za kupangia bajeti ya mwaka unaofuata.