Kierkegaard na kisa cha Ibrahimu: Je, utii kwa Mungu unaweza kuvuka maadili?

Kisa cha Ibrahimu kuamriwa amtoe mwanawe sadaka wengi tumekisikia tangu utotoni. Biblia inamtaja Isaka, Waislamu wengi wanasema ni Ismaili. Kwa kuwa mwisho tunaujua, tunakisikiliza bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililomkera Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark anayehesabiwa kuwa baba wa falsafa ya udhanaishi.

Mwaka 1843, akiwa na miaka 30, alitoa kitabu kuhusu hofu na kutetemeka, kwa jina la bandia la Johannes de silentio. Msimulizi wake anakiri kabisa kwamba Ibrahimu hamwelewi. Safari ya Moria ilikuwa ya siku tatu. Siku tatu nzima! Mzee alikuwa na muda wa kutosha kumgeuza punda arudi nyumbani.

Kuna mfano mmoja humo unaochoma. Mchungaji anamsifu Ibrahimu Jumapili, kisha muumini mmoja anarudi kwake akitaka kufanya vilevile. Mchungaji yuleyule atamkimbilia na kumfokea kwamba kaingiwa na shetani. Sasa tofauti iko wapi?

Agamemnon wa Wagiriki naye alimtoa binti yake, ila ilikuwa kwa ajili ya jeshi na taifa, na watu walilia naye. Ibrahimu hakuwa na taifa la kuokoa, wala maneno ya kumwambia Sara. Kwa hiyo kitabu kinauliza kama wajibu kwa Mungu unaweza kuisimamisha kwa muda sheria ya maadili. Kama hauwezi, basi Ibrahimu ni muuaji tu.

Tena hakuwa amekata tamaa. Aliamini atampata tena mwanawe, katika maisha haya haya. Mtu wa imani hiyo kwa nje hana alama. Anaweza kufanana na mtoza ushuru anayerudi nyumbani akiwaza mkewe kapika nini.

Jean-Paul Sartre, asiyeamini Mungu, alikigusa kisa hiki Paris mwaka 1945. Haya, malaika amesema. Nani atathibitisha kwamba ni malaika kweli, na kwamba Ibrahimu ni mimi? Kwake, uamuzi unabaki kwa anayesikia sauti.

Kierkegaard naye hatoi kipimo cha uhakika. Anachosema ni kwamba mtu huyo husimama peke yake: hakusanyi kundi, wala hamfundishi mwingine afanye kama yeye.