Vitali Klitschko, bingwa aliyepata heshima kwa kushindwa

KATIKA historia ya ndondi za uzani mzito, ni nadra kumpata bingwa ambaye kushindwa kwake kulimletea sifa kuliko ushindi wake. Vitali Klitschko wa Ukraine ni mmoja wa hao wachache. Alipanda ulingoni mara 47 akiwa bondia wa kulipwa, akashinda mara 45, na 41 kati ya wapinzani aliowashinda hawakufika mwisho wa pigano. Hakuna aliyewahi kumwangusha sakafuni. Mapigano yote mawili aliyopoteza yalikatizwa na majeraha, tena wakati ambapo majaji wote watatu walikuwa wamempa pointi nyingi kuliko mpinzani wake.

Hata hivyo, la kwanza kati ya hayo mawili lilimpa jina la mwoga, na ilimgharimu miaka mitatu na damu nyingi kulifuta.

Vitali alizaliwa Julai 19, 1971, katika kijiji cha Belovodskoye nchini Kirgizia, enzi za Muungano wa Kisovieti, ambako babake alikuwa afisa wa jeshi la wanahewa. Mdogo wake, Wladimir, alizaliwa 1976 mjini Semipalatinsk, Kazakhstan. Watoto wa wanajeshi hawakukaa mahali pamoja, na familia hiyo ilihamahama hadi ilipotua Ukraine. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka mnamo 1986, baba yao alikuwa miongoni mwa maafisa waliopelekwa kushughulikia mkasa huo. Alifariki kwa saratani mwaka wa 2011.

Kabla ya kujitosa katika ndondi, Vitali alikuwa bingwa wa mchezo wa ngumi na mateke. Huenda huko ndiko alikotoa mtindo wake ambao walimu wengi wa ndondi wangeukemea: mikono ikining'inia karibu na kiuno, kichwa kikirudishwa nyuma badala ya kukingwa, kisha konde likichomoka kutoka chini mahali ambapo mpinzani hakulitazamia. Kwa mtu wa kimo cha mita mbili na ushei, makosa hayo yaligeuka kuwa silaha. Wladimir alikuwa bondia wa vitabuni. Vitali hakupendeza machoni, lakini kumpiga kulikuwa kazi ngumu.

Mwaka wa 1996 angeiwakilisha Ukraine katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Badala yake alitimuliwa kikosini baada ya kupatikana na dawa haramu za kututumua misuli, ambazo baadaye alisema alipewa alipokuwa akitibiwa jeraha la mguu. Nafasi yake katika uzani wa juu kabisa ilimwendea mdogo wake, naye Wladimir akarejea na dhahabu. Mwezi Novemba mwaka huo huo, ndugu wote wawili waliingia ndondi za kulipwa wakiwa na makao yao Hamburg, Ujerumani.

Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Mnamo Juni 26, 1999, alimzima Herbie Hide jijini London katika raundi ya pili na kutwaa mkanda wa WBO. Kufikia Aprili 1, 2000, alipokutana na Mmarekani Chris Byrd mjini Berlin, alikuwa ameshinda mapigano yote 27, na hakuna hata moja lililofika kwa majaji.

Byrd alikuwa mdogo wa umbo, mjanja na mwepesi wa kukwepa. Vitali alimfukuza raundi baada ya raundi, akirusha makonde mengi yaliyopiga hewa, na katika kufanya hivyo kano za bega lake la kushoto zikaraika. Raundi ya tisa ilipomalizika aliketi kwenye kona yake na kukataa kuinuka. Zilisalia raundi tatu. Alikuwa mbele kwa pointi kiasi kwamba Byrd asingeweza kumshinda ila kwa kumwangusha.

Wachambuzi wa Marekani hawakumhurumia. Katika nchi hiyo, bondia hupimwa kwa namna anavyovumilia maumivu, na anayejitoa mwenyewe kitini, hata bega likiwa limeharibika, hana pa kuuficha uso wake. Madaktari walithibitisha jeraha na akafanyiwa upasuaji, lakini sifa yake ilikuwa imeharibika. Wladimir alimshinda Byrd Oktoba mwaka huo na kuurejesha mkanda nyumbani. Hilo liliuokoa mkanda. Jina la kaka halikusafika.

Mwaka huo wa 2000 pia ndipo alipopata shahada ya uzamifu katika taaluma ya michezo mjini Kyiv. Msomi mwenye ngumi za chuma aliwavutia waandishi wa magazeti. Mashabiki wa ndondi walitaka jambo jingine kutoka kwake.

Walilipata Juni 21, 2003, katika ukumbi wa Staples Center, Los Angeles. Bingwa wa dunia Lennox Lewis wa Uingereza alikuwa apigane na Kirk Johnson wa Canada, lakini Johnson akaumia. Vitali aliitwa zikiwa zimesalia takriban wiki mbili. Lewis, ambaye pengine hakumchukulia kwa uzito, alipanda kwenye mizani akiwa na zaidi ya kilo 116, ambazo hakuwahi kuzifikia awali katika taaluma yake.

Katika raundi ya pili Vitali alimyumbisha bingwa huyo kwa konde la kulia. Katika ya tatu Lewis alijibu, na konde lake likapasua ngozi juu ya jicho la kushoto la mpinzani. Kuanzia hapo pigano halikuwa la ufundi tena. Miamba hao wawili walikumbatiana, wakasukumana na kutwangana huku wakihema kama watu wanaopanda mlima, na uso wa Vitali ukizidi kufumuka. Kabla ya raundi ya saba kuanza, daktari aliona kwamba Vitali alilazimika kukisogeza kichwa ili aweze kuona, akamwagiza refa asimamishe pigano. Vitali alifoka na kuruka ulingoni akipinga. Kadi za majaji zilionyesha 58-56, zote tatu kwa faida yake.

Hapa kanuni zinafaa kuelezwa. Lau jeraha lingetokana na kugongana vichwa kwa bahati mbaya, majaji wangehesabu pointi za raundi zilizopigwa, na mkanda ungekwenda Ukraine. Lakini lilitokana na konde halali, hivyo ushindi ulikuwa wa Lewis. Uamuzi ulikuwa sahihi. Mashabiki ukumbini walimzomea mshindi na kumshangilia aliyeshindwa, ambaye alishonwa nyuzi zipatazo 60. Hakuna aliyemwita mwoga tena.

Lewis hakumpa pigano la marudiano. Alistaafu Februari 2004, na mkanda wa WBC ukabaki bila mwenyewe. Aprili 24 Vitali aliuwania dhidi ya Corrie Sanders wa Afrika Kusini, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemzima Wladimir katika raundi mbili. Refa aliliokoa jahazi la Sanders katika raundi ya nane. Desemba mwaka huo, wakati taifa lake likitikiswa na maandamano ya kupinga wizi wa kura za urais, Vitali aliingia ulingoni Las Vegas akiwa amevaa kitambaa cha rangi ya chungwa, iliyokuwa rangi ya waandamanaji, na kumwadhibu Danny Williams kwa raundi nane.

Baadaye mwili ukamsaliti. Majeraha yaliahirisha mapigano mara kadha, na goti lilipoharibika mnamo Novemba 2005 alitangaza kustaafu. Aliwania umeya wa Kyiv mwaka wa 2006 na tena 2008, akashindwa mara zote mbili.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. WBC ilikuwa imempa hadhi ya bingwa wa heshima, ambayo ilimruhusu kurudi moja kwa moja kuwania mkanda. Oktoba 11, 2008, akiwa na umri wa miaka 37 na bila kupigana kwa karibu miaka minne, alimkabili Samuel Peter wa Nigeria mjini Berlin. Wengi walitarajia aaibike. Peter ndiye aliyebaki kitini baada ya raundi ya nane. Kwa vile Wladimir alikuwa na mikanda ya IBF na WBO, hao wakawa ndugu wa kwanza kuwa mabingwa wa dunia wa uzani mzito kwa wakati mmoja. Walikuwa wamemwahidi mama yao kwamba hawatapigana wao kwa wao, na hawakupigana.

Vitali aliutetea mkanda huo mara tisa. Wapinzani wengi hawakuwa wa kiwango cha Lewis, na si haki kudai vinginevyo. Linalostahili kukumbukwa zaidi ni pigano la Februari 18, 2012, mjini Munich, dhidi ya Mwingereza Dereck Chisora, aliyemzaba kofi walipokuwa wakipimwa uzani. Katika raundi za mwanzo kano za bega la Vitali zilikatika. Lilikuwa bega la kushoto, lile lile la Berlin. Safari hii, akiwa na miaka 40, alipigana karibu kwa mkono mmoja hadi kengele ya raundi ya 12 na kushinda kwa pointi.

Pigano lake la mwisho lilikuwa Septemba 8, 2012, mjini Moscow, ambapo daktari alilisimamisha katika raundi ya nne kwa sababu ya jeraha karibu na jicho la Manuel Charr. Charr alipinga kwa hasira. Vitali aliuachilia mkanda Desemba 2013, maandamano mapya yakiwa yamepamba moto jijini Kyiv, na Mei 2014 akachaguliwa meya wa jiji hilo, kiti alichokitetea katika chaguzi za 2015 na 2020. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Ndondi la Kimataifa nchini Marekani mwaka wa 2018. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, yeye na Wladimir walibaki Kyiv.