Mistari ya Sadu, kabla ya uzi wa soksi

Wafumaji wa soksi siku hizi wana uzi wa sufu unaojichora mistari wenyewe. Kiwandani hutiwa rangi kwa vipande virefu: mita kadhaa nyekundu, kisha kijani, kisha njano. Mfumaji huzungusha vitanzi kwenye sindano tu, na rangi hupokezana zenyewe. Akitaka jozi ifanane, soksi ya pili aianze kwenye rangi ileile aliyoanzia ya kwanza.

Uzi huo ni wa juzi, lakini soksi za mistari ni za kale. Misri, ng'ambo ya Bahari ya Shamu ukitokea Saudi Arabia, ilichimbuliwa soksi ya mtoto ya karibu mwaka 300. Leo iko British Museum. Uchunguzi uliotangazwa 2018 ulionyesha kuwa rangi zake kadhaa zilitokana na mimea mitatu tu. Kidole gumba kimetengewa nafasi yake, ili mvaaji aweze kutia miguu kwenye ndara.

Bara Arabu, mabingwa wa mistari ya sufu walikuwa wanawake wa Kibedui, na ufumaji wao unaitwa Sadu. Walisokota sufu ya kondoo na manyoya ya mbuzi na ngamia, wakatandika nyuzi ardhini kati ya vigingi, wakashindilia kwa pembe ya swala. Hivyo ndivyo zilivyopatikana hema, mapazia ya kutenga upande wa wanawake na mifuko ya ngamia. Katika Sadu mtande (nyuzi za urefu) hufunika mshindio (nyuzi za upana), kwa hiyo mistari hupangwa kabla ya kufuma kuanza. Mtande ukikosewa, kitambaa kizima kimekosewa.

Mafuta yalipobadili maisha, Mabedui wengi walihamia mijini, Riyadh ikiwemo, na mahitaji ya hema yakapungua. Mwaka 2020 UNESCO iliiandikisha Sadu kwenye orodha yake ya urithi kwa maombi ya Saudi Arabia na Kuwait. Mwaka huohuo nembo ya uenyekiti wa Saudi Arabia katika G20 ilichorwa kwa kuiga Sadu. Mwaka 2025 ufalme uliutangaza kuwa Mwaka wa Kazi za Mikono.

Nembo haimlishi mfumaji. Mnunuzi ndiye anayemlisha. Wewe uliye kazini Riyadh, au unayepitia Jeddah baada ya umra, ukiuziwa mto wa Sadu, geuza kitambaa kwanza. Rangi ikiwa imefifia upande wa nyuma, huenda kimepigwa chapa. Kilichofumwa kina rangi ndani ya uzi, na bei yake ni halali ya aliyekifuma.