Kuhesabiwa Haki

Katika misiba ya Makwale, kama ilivyo katika Kyela yote, si ajabu mzee kusimama akamsifu marehemu kwamba alichangia mabati ya kanisa, akalea yatima, wala hakumnyima jirani mpunga, kisha akakata shauri kwamba huko mbinguni ana haki yake. Maneno hayo ni ya mapenzi, na si adabu kuyakosoa mbele ya wafiwa. Lakini mlei wa Kianglikana atakaye kuyapima kwa mafundisho ya kanisa lake hana budi kuitazama istilahi iliyomo katika Waraka kwa Warumi, katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, nayo ni kuhesabiwa haki.

Hesabu ni neno la daftari, na haki ni neno la baraza la kadhi. Na kwa kuwa katika usemi wa kila siku haki ni kitu kidaiwacho, kama kibarua aliyepalilia shamba adaivyo ujira wake, msikilizaji hudhani kwamba Mungu humlipa mja stahili yake. Paulo alikusudia kinyume, kwani katika sura ya nne asema kwamba ujira ni deni wala si neema, akamtoa Ibrahimu kuwa shahidi, aliyehesabiwa haki kabla hajatahiriwa. Ibara ya 11 miongoni mwa zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana, zilizothibitishwa Uingereza mwaka 1571, yafuata njia iyo hiyo: twahesabiwa haki kwa ajili ya stahili ya Kristo, kwa imani, si kwa amali zetu.

Je, amali njema ni bure? La hasha. Ibara ya 12 yafundisha kwamba, ijapokuwa haziwezi kufuta dhambi, hazina budi kuchipuka katika imani iliyo hai, kama mti ujulikanavyo kwa tunda lake. Na mkulima wa kakao, aliyezoea kuona tunda likitoka katika shina lenyewe, hahitaji tafsiri. Iliyo kali zaidi, nami naona haisomwi vya kutosha, ni Ibara ya 14, inayomwita mwenye kiburi yule adhaniaye kwamba aweza kumpa Mungu ziada juu ya aliyoamriwa.

Wala Waanglikana si peke yao: Wamoravian na Walutheri wa Berlin, waliofika mwaka 1891 Unyakyusa, nchi ambamo Kyela imo, walikuja na fundisho hilo hilo la kuhesabiwa haki kwa imani. Na mapatano juu yake, yaliyotiwa sahihi na Walutheri na Wakatoliki huko Augsburg mwaka 1999, yalikubaliwa na Baraza la Ushauri la Waanglikana lilipokutana Lusaka mwaka 2016.